Siku za Dirisha la Pili Zinaliwa na Aibu

(Haya niliyaongea Jumamosi kwenye ukumbi wa kata hapa Korogwe, mbele ya vijana waliomaliza kidato cha sita na wazazi wao. Wengi hawakufika kwa sababu ya mvua wakaniomba niyaandike, basi nimeyaandika kama nilivyoyasema, kidogo tu nimenyoosha.)

Assalamu aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wazazi wangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Naona mmekaa nyuma wote, viti vya mbele vitupu. Sogeeni jamani. Najua kwa nini mmekaa huko maana na mimi ningekaa huko huko, na hicho ndo nimekuja kukiongelea leo, aibu, na inavyotula siku za dirisha la pili, yaani awamu ya pili ya kuomba chuo.

Mwaka 2018 nilimaliza kidato cha sita, kombi ya CBG, yaani kemia, baiolojia na jiografia. Matokeo yalipotoka Julai baba aliyaona kwenye simu ya jirani kabla yangu, akaja nayo mpaka jikoni nilipokuwa nachambua mchele, akainama akanisomea, jiografia D, baiolojia D, kemia E, halafu akaniuliza, "Mwanangu hii D ni nzuri?" Sikumjibu. Niliendelea kuchambua mchele, nikawa natupa na mchele wenyewe sio chuya. Akasimama pale kidogo, akarudisha simu ya watu, akaenda kufunga mbuzi. Divisheni 3, pointi 13.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kwa steshenari moja, nikamwambia kaka wa pale niombee chuo, akaniuliza kozi gani, nikamtajia zile ambazo kila mtu nyumbani alikuwa anazitaja tangu nipo fomu wani, uuguzi, famasia, yaani vitu vya koti jeupe. Hakuuliza alama zangu na mimi sikuzisema kwa sababu nilikuwa naona aibu kuzitamka mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni. Nikalipa elfu kumi ya maombi, nikampa na yeye hela yake ya kazi, nikatoka nimejifunika mtandio mpaka puani. Halafu nikapanda gari nikaenda kwa bibi yangu kule Soni, milimani Lushoto, nikawa namsaidia kuvuna viazi, na simu nikazima. Nilikaa kule zaidi ya mwezi. Dirisha la kwanza likafungwa, majina yakatoka, langu halimo, na mimi wala sikwenda kuangalia, niliambiwa na mtu. Dirisha la pili likafunguliwa nikiwa bado niko shambani nachimba viazi vya bibi.

Sasa nataka muelewe kitu hapa. Alama zangu zilikuwa zinatosha tangu siku ya kwanza. D mbili zinatosha kuingia chuo kikuu Tanzania. Kilichonitoa kwenye dirisha la kwanza ni kwamba nilijaza kozi ambazo nisingezipata hata mbingu zishuke, kwa kuwa fizikia sikusoma, na kilichotaka kunitoa kwenye la pili ni kule kujificha. Dirisha la pili halifiki mwezi, mara nyingine ni wiki moja na siku kadhaa, na mtu mwenye matokeo ya wastani ndo anayehitaji hizo siku kuliko mwenye A tatu, na ndiye huyo huyo anayezitumia kulala ndani pazia limeshushwa.

Aliyenitoa Soni ni mwalimu wangu wa jiografia. Alimpigia mama, akamwambia dirisha linafungwa Ijumaa, na ilikuwa Jumanne. Jumatano nikateremka. Nilikwenda nyumbani kwake nikijua atanisema, nimejiandaa kabisa na machozi. Hakunisema. Alikuwa ameprinti kurasa za ule mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ule unaotolewa kila mwaka, akazitandaza mezani, akachukua rula ya mbao ya darasani akaiweka chini ya mstari mmoja ili nisiruke kwenda mstari mwingine, akasema soma hapa, kwa sauti. Nikasoma. Akashusha rula. Soma. Tulifanya hivyo mpaka chai ikapoa, na ile rula mpaka leo nikifungua ule mwongozo nawasaidia watu naweka rula.

Kwenye mwongozo kila kozi ina mstari wake. Kuna jina la kozi na namba yake, kuna masomo wanayoyataka, kuna pointi za chini ambazo chuo husika kinataka, kuna idadi ya nafasi, kuna miaka ya kusoma. Umeandikwa Kiingereza na herufi ni ndogo, kwa hiyo watu wanaukimbia, wanauliza kwenye magrupu "eti na D mbili naweza kupata nini", na huko kila mtu anajibu lake. Jibu liko kwenye mstari.

Na hapa kwenye pointi naomba tukae kidogo maana hata wazazi wengi wanachanganya, na walimu wengine pia. Kuna pointi za aina mbili. Pointi za NECTA, yaani Baraza la Mitihani, za kupanga divisheni, pale A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7, zikiwa chache ndo vizuri. Halafu kuna pointi za TCU za kuingilia chuo, ambazo zimegeuka, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu, hizi zikiwa nyingi ndo vizuri. Kiwango cha chini cha kuingia digrii kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016 ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4 kwenye masomo yanayotakiwa na kozi. Prinsipo ni kuanzia A mpaka E. S sio prinsipo, na General Studies haimo kwenye hesabu hiyo.

Sasa sikilizeni. Mwalimu alinichorea watoto wawili kwenye karatasi. Wa kwanza ana D, E, E. Wa pili ana B, E, F. Wote wana divisheni 3 pointi 14, wote wawili, piga hesabu mwenyewe, nne na tano na tano, mbili na tano na saba. Mtaani watasema wamefaulu sawa, tena yule mwenye F wataona ndo kaharibu. Lakini mlangoni kwa chuo, mwenye D, E, E ana 2 jumlisha 1, ana pointi 3, hajafika. Mwenye B, E, F ana 4 jumlisha 1, ana 5, anaingia, ilimradi hiyo B na E ndo masomo yanayotakiwa na kozi. Mnaona? Kuna mtoto yuko kitandani analia kwa ajili ya ile F wakati nafasi yake iko wazi mpaka Ijumaa. Na kuna mwingine anatembea kifua mbele kwamba ana divisheni 3, analipa elfu kumi kumi kila chuo, na hakuna hata kimoja kitakachomchukua kwa sababu hana pointi 4, na hakuna aliyemwambia mapema aende njia nyingine.

Mimi nilikuwa na 4 kamili, jiografia na baiolojia. Hakuna nusu ya ziada. Kwa hiyo kozi yoyote iliyoandikwa pointi 5 au 6 rula ilipita juu yake tu, na kozi yoyote iliyotaka kemia kama somo la lazima lenye D rula ilipita. Zikabaki chache. Kati ya hizo kulikuwa na moja ya usimamizi wa nyanda za malisho, mambo ya majani, mifugo, ardhi ya kulishia, wapi ng'ombe walishwe na wapi papumzishwe. Sikuwahi kuisikia maishani. Nikamwambia mwalimu, hii ni kozi ya kuchunga ng'ombe? Akaniambia, "Wewe kwenu kuna mbuzi, unajua nini kinatokea majani yakiisha." Nikajaza. Na nyingine nikajaza kwenye chuo cha pili, elfu ishirini jumla, mama aliitoa kwenye hela ya unga wa maandazi na kesho yake hakupika.

Kuhusu steshenari naomba mnisikilize kwa makini sana, hasa nyie mtakaokwenda leo mchana. Nilijaza kwa haraka Alhamisi jioni, yule kaka akaweka namba yake ya simu na imeili yake kwa sababu mimi imeili sikuwa nayo, na paswedi akaweka anayoijua yeye. Hakuwa na nia mbaya, ndivyo alivyokuwa anawafanyia wote ili mambo yaende. Majina yakatoka, nimechaguliwa vyuo vyote viwili. Nikaruka ruka uwanjani. Halafu nikaambiwa, ukichaguliwa zaidi ya kimoja lazima uthibitishe kimoja, na unathibitisha kwa namba ya siri inayotumwa kwa esemesi kwenye ile simu uliyojazia, na usipothibitisha ndani ya siku walizotoa unaachwa kote. Simu ni ya kaka. Kaka yuko Handeni kwenye msiba wa mjomba wake, simu haina chaji. Nilipanda gari mpaka Handeni, nikaulizia msiba, nikamkuta chini ya turubai na wanaume wenzie, nikaona haya kumwita, nikakaa kwanza na kina mama nikamenya vitunguu mpaka walipomaliza kuzika, ndo akaniazimia chaja ya mtu, simu ikawaka, esemesi ikaingia. Nilithibitisha usiku wa siku ya mwisho, nimesimama nje ya msiba wa watu.

Kwa hiyo imeili yako iwe yako, simu iwe yako au ya mama, paswedi iandike kwenye daftari. Na ile kontrol namba ya malipo usilipe kabla hujasoma jina la chuo linalotokea. Na kama hujachaguliwa zaidi ya chuo kimoja huna haja ya hiyo namba ya siri, usije ukatapeliwa na mtu anakuuzia.

Kwa kuwa nimetaja matapeli, kuna watu wataanza kuwapigia nyie wazazi, wanasema mwanao ana pointi 3 lakini mimi nina mtu ndani, tuma laki na nusu. Hakuna mtu ndani. Chuo kikishachagua, majina yanakwenda TCU, na kule alama zinahakikiwa kwa namba ya mtihani kutoka NECTA. Huyo mtu hana pa kuibadilishia E ya mwanao ikawa D. Hiyo laki na nusu mtoto anaanzia diploma nayo.

Maana diploma ni njia kamili, naisema wazi kwa sababu hapa kwetu ukisema mtoto amekwenda diploma baada ya fomu siksi watu wanakupa pole. Ukimaliza diploma kwa GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 3.0 na kuendelea, na una zile pasi nne za kidato cha nne, unaomba digrii kama wengine, na una fani mkononi tayari. Kwa wale wa pointi 3, au 2, au hata 1.5 yaani E moja na S moja, kuna na fondesheni, yaani kozi ya matayarisho, ya Chuo Kikuu Huria, unasoma, ukipata GPA ya 3.0 unaruhusiwa kuomba digrii. Nawajua waliopita huko na leo tunakutana kwenye vikao vya kazi. Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea pia kupo, ila ukirudia rudia kwa sababu umejua ulipokosea, usirudie kwa sababu ya hasira, hasira inakuwa imeisha ikifika Desemba na mtihani ni Mei.

Mkopo sasa. Watu wanasubiri wachaguliwe chuo ndo waombe mkopo, na hilo linawaumiza sana wa dirisha la pili. Bodi ya mikopo ina dirisha lake na linaenda na tarehe zake, halikusubiri wewe upate chuo. Unaomba mapema, elfu thelathini ya maombi, ukichaguliwa baadaye jina lako linaunganishwa na linatoka kwenye awamu za mbele. Mimi iliniokoa ubishi wa mama, alinisukuma nijaze kabla hata ya matokeo, wakati ule nikamwona ananipotezea muda. Na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, sasa hivi, leo, usingoje. Kama jina la cheti cha kuzaliwa na la cheti cha kidato cha nne haviendani, hata kama ni herufi moja, mmoja Mwanaidi mwingine Mwanahidi, litakusumbua, nenda kwa wakili ukaapishwe mapema kwamba majina yote ni yako. Na sahihi ya mwenyekiti wa mtaa, picha za mdhamini na kitambulisho chake, hivyo vyote havihitaji ufaulu wa aina yoyote, mwenye D na mwenye A wanapanga foleni moja.

Jina langu la mkopo lilitoka nikiwa nimeshafika chuo wiki ya tatu. Hizo wiki tatu nilizipita kwa hela ya mbuzi wawili wa baba. Hosteli zilikuwa zimejaa, nikabanwa chumbani kwa dada mmoja wa mwaka wa pili, tunalala mzungu wa nne. Wenzangu walikuwa wameshaanza vipindi, na kwenye kemia nilikuwa mweupe kabisa, niwaambie ukweli, ile E haikunionea, nilikuwa sijui. Semista ya kwanza nilikula sapu, yaani nilifeli nikatakiwa kurudia mtihani. Nikaenda kwa mwenzangu mmoja aliyesoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, nikamwambia nianzishie moja, akanianzishia. Sapu nikaitoa, na sikuipata nyingine mpaka 2021 nilipomaliza. Hakuna mhadhiri aliyewahi kuniuliza niliingia dirisha gani, na kwenye cheti hawaandiki.

Kazi ninayofanya sasa ni ya kukaa na wafugaji na wakulima mezani kabla hawajakaa porini na fimbo, tunapima pamoja malisho yanatosha mifugo mingapi na yapumzike miezi gani. Ni kozi ile ile niliyoiita ya kuchunga ng'ombe, na ninaipenda kwa moyo wangu wote.

Lakini msinielewe vibaya, sisemi mtu achukue chochote kilichobaki. Kuna rafiki yangu alijaza kozi kwa sababu tu ilikuwa na nafasi nyingi, chuo cha binafsi, hakuangalia ada, na vyuo vingi vya binafsi ada inapita milioni kwa mwaka kabla hujala, akapata mkopo wa sehemu tu, mwaka wa pili akarudi nyumbani na madeni. Kwa hiyo rula ikishakuonyesha unazoweza kuingia, zikabaki tano au sita, kaa na mzazi wako muulizane, ada ni kiasi gani, miaka mitatu au minne, hiyo kozi ipo kwenye mwongozo wa mwaka huu kweli au mtu kakuambia tu, na je nikiifikiria asubuhi moyo unakataa au unanyamaza. Ukinyamaza inatosha, mapenzi mengine yanakuja ukiwa ndani.

Wazazi wangu, neno moja kwenu nalo silisemi kwa kuwafundisha, nyie mmenizaa. Lile neno kilaza. Watoto hawa wanalisikia mpaka likitamkwa nyumba ya tatu. Baba yangu hakusoma zaidi ya darasa la saba na aliuliza tu kama D ni nzuri, aliuliza kwa kutaka kujua, na kama siku ile ningemjibu, "Baba, D mbili zinaniingiza chuo," tungeokoa ule mwezi wote. Ni mimi sikujua. Basi leo wa kwako akikuambia ana D, muulize D ngapi na za masomo gani, halafu mlete pale mezani.

Nimekuja na lapitopu na mwongozo wa mwaka huu nimeuprinti wote, na rula ninayo. Nakaa mpaka saa kumi na mbili. Njoo na namba yako ya mtihani na simu yenye chaji, hamna haja ya kunong'ona, na kama hutaki wenzio wasikie alama zako niandikie kwenye karatasi nitaisoma kimya. Dada yangu mwenye begi la bluu pale mlangoni, nakuona tangu naanza umeshika kitasa. Njoo, tuanze na wewe.